Tovuti Imeshuka Google? Soma Hapa Kabla Hujafuta Kitu

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya SEO, yaani kuzisaidia tovuti zionekane Google, kuna simu mtaipokea mapema kuliko mnavyofikiri. Mteja amefungua takwimu zake asubuhi, wasomaji wamepungua nusu, na kuna mtu ameshamwambia kwamba Google wamempiga adhabu. Sauti yake itakuwa ya mtu aliyefiwa. Atataka ufanye jambo lolote, na ulifanye leo.

Hofu hiyo nimeiona ikiharibu tovuti nyingi kuliko adhabu zenyewe. Mtu anafuta mamia ya makala usiku mmoja kwa sababu amesikia makala fupi zinaadhibiwa. Mwingine anahamia domeni mpya, anaacha nyuma linki zote alizojengewa na watu kwa miaka. Wiki mbili baadaye tovuti inashuka kwelikweli, na hapo hakuna tena anayeweza kusema tatizo la mwanzo lilikuwa lipi.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, shikeni hili: adhabu halisi ya Google haijifichi. Fungua Search Console ya tovuti husika, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti hali yake kwenye utafutaji, tazama menyu ya kushoto, tafuta palipoandikwa "Manual actions". Kama mkaguzi wa Google, binadamu kabisa, amepitia tovuti na kuona inavunja sera zao za spamu, yaani hila za kuudanganya mfumo ili upande, ni hapo panapoandikwa kosa ni la aina gani na kama limegusa tovuti nzima au baadhi ya kurasa. Karibu na hapo kuna "Security issues", ambayo ni ya tovuti zilizodukuliwa. Sehemu zote mbili zikiwa safi, hakuna mtu aliyekaa akaiadhibu tovuti hiyo. Imeshuka kwa sababu nyingine, na kazi yako ni kuitafuta.

Akitokea mtu na barua pepe ya kutisha kwamba tovuti ya mteja wako imefungiwa na yeye anaweza kuifungua kwa malipo, mwombe picha ya ujumbe huo ndani ya Search Console. Hana ruhusa ya kuingia humo, kwa hiyo hana alichokiona.

Hofu hii lakini haikuzuka hewani. Februari 2011 Google walitoa mabadiliko yaliyoitwa Panda, yakagusa takribani asilimia 12 ya utafutaji wa Marekani, na tovuti zilizokuwa zikizalisha makala nyepesi kwa wingi zikaporomoka. Aprili 2012 ikafuata Penguin, iliyolenga linki za kununua na za kughushi. Enzi hizo ukishaguswa na Penguin, hata ukisafisha kila kitu ulilazimika kusubiri Google waiendeshe tena, na kuna kipindi watu walisubiri kuanzia Oktoba 2014 hadi Septemba 2016. Biashara zilikufa katika kusubiri huko. Lakini tangu Septemba 2016 Penguin inafanya kazi muda wote ndani ya mfumo mkuu, na Google walieleza kwamba linki mbovu sasa inazipuuza tu badala ya kuishusha tovuti nzima. Ushauri mwingi unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka leo ni wa zama zile za kusubiri. Unarithishwa tu, na anayekupa huenda hajawahi kuuliza kama bado una maana.

Sasa tuje kwenye kuusoma mchoro wa Search Console, maana hapa ndipo mtu anapojua kazi au hajui. Mistari ni minne: mara ulizobofywa, mara ulizoonekana, uwiano wa hizo mbili, na nafasi yako ya wastani. Washa yote kwa pamoja. Chukua tovuti inayoishi kwa matokeo ya mitihani, zipo nyingi hapa kwetu. Januari, NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, wakitangaza kidato cha nne, mstari wa mbofyo unapanda kama mnara. Februari unaanguka. Mwenye tovuti akilinganisha mwezi na mwezi ataapa kwamba ameadhibiwa. Tazama nafasi ya wastani ya kurasa zile zile: ilikuwa ya tatu, bado ni ya tatu. Kilichopungua ni idadi ya wazazi na wanafunzi wanaotafuta. Dawa yake ni kulinganisha na Februari ya mwaka jana, na Search Console inakupa data ya miezi 16 kwa kazi hiyo hiyo. Kampuni za safari nazo zina misimu yao, na tovuti za mapishi zina Ramadhani.

Mchoro mwingine: umeonekana mara zile zile, nafasi ni ile ile, lakini mbofyo umepungua. Fungua simu, utafute neno hilo kama mteja wa kawaida. Mara nyingi utakuta Google wameweka jibu juu kabisa, au video, au matangazo zaidi, na msomaji anaondoka bila kufika kwako. Hilo nalo si adhabu, ingawa linauma.

Kama nafasi ndiyo iliyoshuka, jiulize: kurasa zote au chache? Siku moja au polepole? Ikiwa ni tovuti nzima kwa siku chache, nenda kwenye ukurasa wa Google unaoonyesha hali ya mfumo wao wa utafutaji, huwa wanaandika tarehe ya kuanza na kumaliza kila sasisho kubwa. Tarehe zikilingana na mporomoko wako, umepimwa upya ukapitwa na wengine. Fungua kurasa zilizokupita uzisome kwa haki, bila kinyongo. Wakati mwingine zimemjibu msomaji vizuri kuliko yako, na kazi iliyobaki ni ya kuandika.

Na kama tovuti imetoweka kabisa? Hapa ndipo watu hupiga mayowe, na hapa ndipo nimekuta sababu nyepesi kuliko zote. Duka moja lilitengenezewa tovuti mpya kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti. Fundi, wakati anajenga, aliweka tiki kwenye kisanduku kilicho katika mipangilio ya usomaji, kile kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Ni jambo la busara wakati wa ujenzi. Siku ya uzinduzi tiki haikuondolewa. Ndani ya wiki chache kurasa zikaanza kudondoka moja moja, na mwenye duka akawa anatafuta mtu wa kumwondolea adhabu. Ukibandika anwani ya ukurasa kwenye kisanduku cha juu cha Search Console, kile cha kukagua URL, inakuambia bayana kwamba ukurasa una agizo la noindex, yaani usiorodheshwe. Kuondoa tiki ni sekunde. Kurudi kwa kurasa ni wiki kadhaa, na hakuna wa kuharakisha sana. Kagua kisanduku hicho, kagua faili ya robots.txt, ile inayoziambia injini za utafutaji zisipite wapi, kagua kama seva inafunguka, ndipo uanze kufikiria mambo makubwa.

Hofu inayowatesa wengi wenu ni ya maudhui yanayofanana. Tangazo moja la Sekretarieti ya Ajira linapandishwa na tovuti kadhaa neno kwa neno, kisha kila mmoja anaogopa kuadhibiwa kwa kukopi. Google waliandika tangu 2008 kwamba adhabu ya maudhui kufanana, kwa maana watu wanayoifikiria, haipo. Mfumo ukikuta nakala nyingi unachagua moja wa kuionyesha, nyingine unaziweka pembeni. Hujaadhibiwa, hujachaguliwa tu. Ukitaka kuchaguliwa, ongeza kile ambacho tangazo halina: sifa zinazotakiwa zina maana gani kwa anayemaliza chuo mwaka huu, viambatisho vinavyosahaulika, mfumo wa maombi unavyomsumbua mtu wa simu. Vivyo hivyo ndani ya tovuti yako mwenyewe: bidhaa moja yenye anwani tatu haitakufungia, weka alama ya canonical kuonyesha ukurasa upi ndio mkuu, uendelee na kazi. Tovuti iliyojengwa yote kwa kunyonya kazi za wengine ni habari tofauti, hiyo imeandikwa kwenye sera za spamu na inachukuliwa hatua.

Linki nazo. Utafungua ripoti ukute tovuti za ajabu zimekuunganisha, za kamari, za lugha usizozijua, na mtu atakuambia mshindani wako amekutumia sumu. Karibu kila tovuti inazo. Google wana zana ya kukana linki, yaani kuwaomba wasizihesabu, inaitwa Disavow, waliyoitoa Oktoba 2012, na wao wenyewe wameandika kwamba tovuti nyingi hazitaihitaji. Itumieni kama kuna adhabu ya linki imeandikwa kwenye Search Console, au kama mnajua kwa hakika kwamba mteja aliwahi kununua linki kwa wingi na hawezi kuziondoa. Nje ya hapo, anayekana linki kwa kubahatisha hukata na zile zilizokuwa zinambeba.

Mengine niyapite haraka. Ukurasa uliofutwa ukatoa 404, ujumbe wa kwamba ukurasa haupo, hauishushi tovuti. Kusimamisha matangazo ya kulipia ya Google hakukushushi kwenye matokeo ya kawaida, wala kuyaanzisha hakukupandishi. Kukaa seva moja na tovuti za watu wengine ni jambo la kawaida kabisa, sisi wenye bajeti ndogo wote tuko huko. Kubadilisha mwonekano wa tovuti hakuadhibiwi, ila ukibadilisha na anwani za kurasa bila kuzielekeza za zamani kwenye mpya, umejiangusha mwenyewe.

Sitaki mtoke hapa mkidhani adhabu ni hadithi. Zipo, na wakubwa wamezionja. Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye matokeo kwa kuwa na kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya Google huku msomaji akirushwa ukurasa mwingine. Ikarejeshwa baada ya siku chache walipoziondoa. Februari 2011 duka la Marekani J.C. Penney lilikutwa na maelfu ya linki zilizopandwa kwenye tovuti zisizohusiana nalo, na kwa utafutaji ambao lilikuwa la kwanza likajikuta nafasi ya 68 na 71 kwa jioni moja. Lilikaa huko kama miezi mitatu. Januari 2012 Google waliushusha ukurasa wa Chrome, bidhaa yao wenyewe, baada ya kampeni ya makala za kulipiwa kukutwa na linki isiyo na alama ya nofollow, ile inayowaambia Google wasiihesabu linki hiyo. Hao wote walirudi. Dhana kwamba ukishaadhibiwa umekwisha maisha, ndiyo inayowafanya watu kutupa domeni nzuri.

Kwetu, hatari halisi ninayoiona sasa ni kurasa zinazozalishwa kwa mamia kwa programu, hasa zile zinazochukua makala za Kiingereza na kuzigeuza Kiswahili kwa mashine bila mtu kuzisoma. Google hawakatazi akili bandia. Walisema hivyo Februari 2023. Machi 2024 waliongeza sera dhidi ya kuzalisha maudhui kwa wingi kwa lengo la kupata nafasi tu, yawe yameandikwa na mtu au mashine, na tafsiri za mashine za kazi za wengine zimo. Kiswahili kina maswali mengi mtandaoni yasiyo na jibu zuri, na inanisikitisha kuona nafasi hiyo ikijazwa sentensi ambazo hata mwenye tovuti hajazisoma. Pia msiuze linki. Mtu akitaka kulipia makala kwenye tovuti yako, mkubalie, weka kwenye linki yake alama ya sponsored, yaani imelipiwa. Akikataa alama, ujue alichokuja kununua.

Na siku utakapokuta kweli ujumbe umeandikwa pale, tulia uusome mara mbili. Baadhi huja na mifano ya kurasa au linki. Mifano hiyo si orodha kamili, inakuonyesha sura ya kosa, na wewe unatakiwa kulitafuta kila lilipo. Kama ni linki za kununua, andika jedwali: tovuti ipi, lini uliomba iondolewe, walijibu nini. Zisizoondoka ndizo unazozikana. Kama ni kurasa mbovu, zifute au uziandike upya, usizifiche kwa muda. Ndipo ubonyeze kitufe cha kuomba kukaguliwa tena, na kwenye barua yako useme mambo matatu: kilichofanyika, ulichokirekebisha, na matokeo yake yakiwa na ushahidi. Barua inasomwa na mtu. Usimlaumu fundi aliyeondoka, usiape, usieleze umaskini wa kampuni.

Majibu huchukua siku kadhaa, hata wiki, na ombi la linki ndilo hukawia zaidi. Usitume la pili kabla la kwanza halijajibiwa. Likikataliwa, rudi kwenye jedwali utafute ulichoacha, kwa kawaida ni kundi la linki ambalo mteja aliona aibu kulitaja. Likikubaliwa, mwambie mteja mapema kwamba hatarudi pale pale alipokuwa: zile linki zilizokuwa zikimbeba hazipo tena, na nafasi atakayoipata sasa ndiyo yake halali, ya kuanzia kazi.