Wapiga solo wa Uingereza: majibu ya barua zenu

Nilipoandika habari za marehemu John Mayall, mwanamuziki wa bluzi wa Uingereza, sikutegemea barua nyingi hivi. Leo najibu saba. Nyingi zilizobaki zinauliza yaleyale, kwa hiyo wenyewe naomba mjitafute humu.

Shikamoo mzee. Bluzi ni muziki wa watu weusi wa Marekani. Hawa vijana wa Kizungu wa Uingereza waliutoa wapi? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Waliutoa kwenye santuri, na santuri zenyewe zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Asubuhi moja ya Oktoba 1961, kwenye kituo cha reli cha Dartford, Keith Richards alimkuta Mick Jagger, ambaye walisoma naye utotoni. Jagger alikuwa na santuri za Chuck Berry na Muddy Waters kwapani. Wakapanda treni wakizungumza habari za santuri hizo, na mazungumzo yale ndiyo yaliyozaa Rolling Stones. Hata jina la bendi wamelitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters.

Wazee wenyewe wa bluzi wa Marekani nao walifika. Muddy Waters alipiga Uingereza mwaka 1958, na gitaa lake la umeme likawashtua watu waliodhani bluzi ni ya mzee aliyekaa barazani na gitaa kavu. Machi 1962 Alexis Korner na Cyril Davies wakafungua klabu yao ya bluzi Ealing, magharibi mwa London.

Lakini picha ninayoipenda kuliko zote ni ya Mei 1964. Televisheni ya Granada ilikodi kituo cha treni kilichofungwa, Manchester. Watazamaji waliketi jukwaa la upande mmoja wa reli, wanamuziki upande wa pili. Mvua ikashuka. Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji mweusi wa Marekani, mama wa miaka hamsini hivi, akafika kwa gari la farasi, akajivika gitaa lake la umeme juu ya koti, akaanza kuimba habari za mvua. Wale watoto wa Kiingereza wamelowa chapachapa, wanapiga makofi. Ukimtazama mama yule anavyoibinya ile solo, huna haja ya kuuliza tena waliutoa wapi.

Eti wapiga gitaa Clapton, Beck na Page wote walipitia bendi moja? Rafiki yangu anabisha. (Mpiga besi wa bendi ya harusi, Tanga)

Mwambie rafiki yako akubali yaishe. Bendi ni Yardbirds. Eric Clapton alikuwamo tangu 1963, akajitoa Machi 1965 kwa sababu wenzake walirekodi "For Your Love", wimbo aliouona wa kutafuta soko tu. Wakamfuata Jimmy Page. Yeye alikuwa anaingiza pesa nzuri studio akipigia nyimbo za watu, akakataa, akamtaja Jeff Beck. Mwaka 1966 Page naye akaingia, kwanza kwenye besi! Kwa muda mfupi Beck na Page wakapiga solo pamoja, kisha Beck akaondoka. Bendi ilipovunjika 1968, Page aliikusanya upya kwa watu wengine, na hiyo ndiyo Led Zeppelin. Gitaa la Telecaster alilopiga kwenye albamu yao ya kwanza alipewa zawadi na Beck.

Mzee, ulimwita Mayall "mwalimu". Mbona watu hawamtaji kati ya wapiga gitaa wakubwa? (Mwanafunzi wa muziki, Bagamoyo)

Kwa sababu ukubwa wake haukuwa kwenye vidole. Mayall alipiga kinanda, harmonika na gitaa kidogo, na sauti yake ya kuimba ilikuwa ya kawaida. Alichokuwa nacho ni sikio na nyumba iliyojaa santuri. Alizaliwa 1933, kwa hiyo alikuwa kama kaka mkubwa kwa vijana hawa waliozaliwa vita ikiisha. Clapton alipotoka Yardbirds alihamia kwake, akawa anashinda ndani anasikiliza santuri moja baada ya nyingine.

Matunda yake ni albamu ya Julai 1966, ile yenye picha ya Clapton anasoma gazeti la katuni la watoto. Fundi mitambo wa studio alizoea gitaa la sauti ya kistaarabu. Clapton akaja na gitaa la Gibson Les Paul na amplifaya ya Marshall, akakataa kupunguza sauti. Nyuzi zikawa zinalia kwa muda mrefu, zinanguruma bila kuchafuka. Leo kila mpiga solo wa roki anaitafuta sauti ile, hata asiyejua ilikotoka.

Albamu ilipoingia sokoni, Clapton alikuwa ameshakwenda kuunda bendi ya Cream. Mayall hakulia. Akamchukua Peter Green. Green naye akaondoka 1967, Mayall akamchukua Mick Taylor, kijana wa miaka 18. Taylor huyu, kabla ya hapo, alikwenda kuwatazama akina Mayall wakipiga mjini kwao. Clapton hakutokea siku hiyo, lakini gitaa lake lilikuwa pale jukwaani. Kijana akaomba alipige, akamaliza nalo shoo, akaenda zake. Mayall hakusahau. Mwaka 1969 Taylor akaenda Rolling Stones.

Watatu ndani ya miaka mitatu, na kila mmoja aliondoka akiwa na sauti yake mwenyewe. Mwanangu, wewe unayesoma muziki, nakuomba ulitazame jambo hili kwa makini. Kupiga kopi wote walipiga, noti kwa noti, mpaka wakamwelewa mzee wa kwenye santuri anafikiri nini. Mayall aliwapa nafasi ya kupiga kila usiku mbele ya watu mpaka kopi ikaisha, wakabaki wao.

Peter Green ni nani hasa? Nasikia "Black Magic Woman" si ya Santana. (Msomaji, Nakuru)

Ni ya Peter Green, ndugu yangu. Aliitoa na bendi yake, Fleetwood Mac, 1968, Santana wakairekodi 1970. Na hapa uniwie radhi nikiandika kirefu, kwani kama ningeambiwa nibaki na mpiga gitaa mmoja tu wa Kiingereza, ningebaki na huyu.

Alizaliwa 1946 Bethnal Green, mashariki mwa London, katika familia ya Kiyahudi. Alipounda bendi yake 1967 hakuipa jina lake. Aliiita kwa majina ya mpiga ngoma, Mick Fleetwood, na mpiga besi, John McVie. Mtu mwenye nyota anakwenda kuandika majina ya wapiga ngoma na besi mlangoni! Ukishajua hilo utausikia upigaji wake vizuri. Hakimbilii noti nyingi. Anaweka moja, anaiacha ipumue, anasubiri.

Nilijifunza "Albatross" kwa kaseti, nikiirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili nisimalize betri. Noti zenyewe nilizipata jioni moja. Ule utulivu kati ya noti na noti sijaupata mpaka leo. Wimbo hauna neno hata moja, na mwanzoni mwa 1969 ulishika namba moja Uingereza.

Halafu kuna gitaa lake, Les Paul ya 1959. Sumaku ya pikapu moja (kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi) iligeuka, kwa hiyo pikapu zote mbili zikiwashwa pamoja sauti zinakulana, inabaki moja nyembamba, kama mtu anayeimba amebana pua. Wengine wangelipeleka kwa fundi. Yeye akaifanya kuwa sauti yake.

Pesa zilipoanza kuingia zilimtesa. Alitaka bendi igawe mapato kwa wenye njaa, wenzake hawakukubali kutoa yote. Dawa za kulevya za miaka ile zikamkuta hapo. Mei 1970 akaiacha bendi iliyokuwa kileleni. Madaktari wakagundua ana skizofrenia, akalazwa, akatibiwa hata kwa mishtuko ya umeme. Gitaa alikuwa ameshamuuzia kijana wa Belfast, Gary Moore, kwa bei ya kutupa. Leo linamilikiwa na Kirk Hammett wa Metallica.

Naomba tusiisimulie habari hii kama hadithi ya kichaa mwenye kipaji. Alikuwa mgonjwa, na alirudi. Miaka ya 1990 rafiki zake walimkalisha tena na gitaa, taratibu, wakaunda Splinter Group, akazunguka nayo miaka kadhaa. Vidole havikuwa vya zamani, lakini alipiga. Februari 2020 Mick Fleetwood aliwakusanya wanamuziki London wapige nyimbo zake. Julai mwaka huohuo akafariki usingizini, ana miaka 73.

Sisi wa Mji Mkongwe tunamjua Freddie Mercury, mtoto wetu. Tueleze kidogo habari za mpiga gitaa wake. (Msomaji, Unguja)

Brian May alilitengeneza gitaa lake mwenyewe nyumbani na baba yake, kuanzia 1963. Shingo imetoka kwenye mbao za meko ya zamani, alama za kwenye shingo ni vifungo vya nguo vya mama yake, na springi zimetoka kwenye injini ya pikipiki. Anacharaza kwa sarafu ya zamani ya Kiingereza ya peni sita badala ya plastiki. Na ni daktari wa falsafa wa elimu ya nyota: aliacha masomo kwa ajili ya Queen, bendi yake na Freddie, akarudi kuyamaliza 2007, akiwa na miaka 60.

Kwa kifupi, mzee, hawa Waingereza waliochukua bluzi si wezi tu? (Msomaji, Kigali)

Kwa kifupi haiwezekani, kwa sababu wamo waliolipa na wamo walioburutwa kulipa.

Mwaka 1966 Cream walirekodi "I'm So Glad" ya Skip James, wakaandika jina lake. Mzee alikuwa na saratani, na malipo yale yalimsaidia gharama za hospitali. Sasa tazama upande wa pili. "Whole Lotta Love" ya Led Zeppelin, 1969, ina maneno ya Willie Dixon, naye hakutajwa. Dixon akafungua kesi 1985, wakamalizana nje ya mahakama 1987. Jina lake sasa limo. Miaka kumi na minane!

Linaloniuma zaidi si la pesa. Agosti 1976, jukwaani Birmingham, Clapton akiwa amelewa aliwaambia watu kwamba wageni waondoke Uingereza. Huyu ndiye aliyejengwa na B.B. King na Robert Johnson, na miaka miwili kabla alishika namba moja Marekani kwa wimbo wa Bob Marley. Vijana waliokasirika wakaanzisha harakati ya Rock Against Racism. Miaka mingi baadaye amekiri hadharani kwamba anaona aibu. Nampenda upigaji wake, na maneno yale siyasahau.

Shikamoo. Mimi ni seremala, msumeno umenikata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nilikuwa napiga ridhimu kanisani. Je, ndiyo basi? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba, na pole sana mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Tony Iommi wa Birmingham, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikuwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kiwandani kabla ya kwenda kupiga muziki. Alirudi nyumbani mchana, akataka asirudi kazini, mama yake akamwambia amalize siku. Mashine ya kukunja mabati ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni shoto, kwa hiyo huo ndio mkono wa kubania nyuzi, kama wako wa kushoto.

Msimamizi wake wa kazi akamletea santuri ya mpiga gitaa Django Reinhardt, ambaye mkono wake uliungua motoni 1928 akabaki anapiga solo kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga kofia za vidole, akazipiga msasa, akazigandishia ngozi ya koti kuukuu ili zisiteleze. Nyuzi za gitaa zilikuwa nzito, akafunga za banjo. Baadaye akazilegeza, chini kwa sauti moja na nusu, ili zisimuumize. Mngurumo ule mzito wa Black Sabbath umetoka hapo.

Wewe seremala msasa unao. Subiri kidonda kifunge kabisa, daktari aridhike. Nunua nyuzi nyepesi kuliko zote dukani, zilegeze, jaribu ngozi laini kwanza kabla ya plastiki. Kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) za vidole viwili zinatosha kwa nyimbo nyingi za kanisa. Kisha niandikie tena.