Maswali ya Wajenzi: Vigae, Changarawe au Mabati ya Kawaida?

SWALI: Mimi na mume wangu tunajenga nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, na kuta zimefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Mume wangu amependa vigae vya udongo. Fundi anatuhimiza tuchukue mabati yenye sura ya vigae yaliyopakwa changarawe. Shemeji naye anasema mabati ya kawaida ya geji (namba ya unene) ya 30 yanatosha, na fedha zitakazobaki tununue tangi, kwa kuwa maji ya kisima cha hapa yanawachafua watoto meno. Tumsikilize nani?
Mama wa Watatu, Lanet, Nakuru

JIBU: Mama, katika barua yako yote nimeyashika maneno matatu: zimefika kwenye linta. Paa hupaswa kuchaguliwa wakati wa kuchimba msingi, kwa maana msingi na kuta ndizo zitakazolibeba. Kigae cha udongo ni kizuri, hudumu miaka mingi na hakipigi kelele mvua inaponyesha, lakini mita moja ya mraba ya vigae hivyo huwa na uzito wa takriban kilo 45. Nyumba yako ikifunika mita 150 za mraba ardhini, paa lenyewe litakuwa na karibu mita 165 kwa sababu ya mteremko, na hapo umeweka zaidi ya tani 7 juu ya kuta ambazo sijui kama mhandisi alizichora kwa mzigo huo. Mabati ya changarawe juu ya paa hilo hilo yatakuwa na uzito wa tani moja na kidogo, na mabati ya kawaida hupungua hata hapo. Ikiwa ramani yenu haikutaja vigae vya udongo, mume wako asinunue hata kimoja kabla mhandisi hajaikagua upya.

Kwa hiyo mashindano ya kweli ni kati ya fundi na shemeji, na hapa watu wengi hupotea kwa kulinganisha bei ya bati kwa bati. Mabati ya changarawe ni vipande vifupi, na papi zake, yaani mbao za kupigilia mabati, hukaribiana, takriban kila sentimita 37, ilhali mabati marefu ya kawaida hukubali papi zilizoachana kwa karibu mita moja. Maana yake ni kwamba utanunua mbao nyingi zaidi, misumari mingi zaidi na siku nyingi zaidi za fundi. Mwombe aliyekupendekezea kila aina akuandikie gharama ya paa zima likiwa limekamilika, mbao, kofia za mgongoni na mifereji ikiwemo, kisha uzilinganishe karatasi hizo mbili. Usisahau kwamba upana wa bati linapolala dukani sio upana litakaofunika juu ya nyumba, kwa kuwa kila bati hulalia jirani yake.

Kuhusu geji, shemeji ananunua bati jembamba pengine bila kujua, kwa sababu hesabu yake huenda kinyume: namba ikipanda, unene hupungua. Geji ya 28 hukaribia milimita 0.4, na ya 30 hukaribia milimita 0.3. Tofauti hiyo ni ndogo machoni lakini fundi akiikanyaga wakati wa kurekebisha mfereji, ataiona. Mwaka jana niliitwa Njoro kutazama paa ambalo mwenyewe aliuziwa kama la geji ya 28. Nilipobana ukingo wa bati kwa kipimo, kilisoma milimita 0.26, na alipoleta stakabadhi tukakuta imeandikwa tu "mabati, vipande 60". Hapakuwa na la kumdai mwenye duka. Stakabadhi yako iandikwe unene kwa milimita, aina ya mpako na urefu, na upime bati moja kabla lori halijaondoka.

Mpako nao una uzito katika uamuzi huu. Zinki tupu ndiyo ya zamani na ndiyo rahisi. Mpako wa alumini na zinki, ambao kwa kawaida huwa na asilimia 55 ya alumini, hustahimili kutu kwa muda mrefu zaidi, mradi fundi asilikate bati kwa grainda. Cheche za grainda huunguza ukingo wa bati na kumwaga chembe za chuma juu ya paa. Mvua ya kwanza ikipita, kila chembe huwa doa la kutu, na mwenye nyumba humlaumu aliyemuuzia. Mkasi wa bati ndio chombo chake. Mbao zilizotiwa dawa pia ziachwe zikauke vizuri kabla hazijagusana na mabati, kwa sababu unyevu wenye dawa hiyo hulila bati kutoka chini.

Sasa turudi kwenye tangi, ambalo shemeji amelipatia kabisa. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia floraidi nyingi katika maji ya visima, na hiyo ndiyo madini inayowachafua watoto meno; Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua nzuri ya milimita 30 huangusha lita 4,500 juu ya nyumba yako, na hata ukipoteza sehemu yake, mvua tatu za namna hiyo zitajaza tangi la lita 10,000. Mabati ya aina zote mbili yanafaa kwa kazi hiyo, ingawa yale ya changarawe hudondosha punje zilizolegea katika mvua za mwanzo, nawe uyaache maji hayo yaende zake.

Ningekuwa ninyi, ningechukua mabati marefu ya geji ya 28 yenye mpako wa alumini na zinki, kisha ningenunua tangi.

SWALI: Nyumba yangu ina mabati ya zinki ya zamani, na mchana joto halikaliki. Je, nikibadilisha niweke vigae nitapata nafuu?
Mstaafu, Nyamasaria, Kisumu

JIBU: Mzee wangu, hukuniambia kama una dari, nami nadhani huna. Bila dari, bati lililopigwa na jua la Kisumu hukumwagia joto moja kwa moja kichwani. Weka dari kwanza, uache matundu chini ya ukingo wa paa ili hewa ya moto itoke, na uyafunike kwa wavu mwembamba, la sivyo popo watahamia. Rangi nyeupe juu ya bati nayo hurudisha sehemu kubwa ya jua, ila kutu ikwanguliwe kabla ya kupaka. Vigae hupata joto polepole, lakini hulitunza hadi usiku, wakati ambao wewe unataka kulala. Kabla ya yote, bonyeza bati kwa bisibisi pale linapolaliana na jirani yake na kandokando ya misumari. Likitoboka, hapo kweli utabadilisha paa.

SWALI: Jirani amekataa mabati akisema yanavuta radi. Ni kweli?
Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, huko kwenu radi si mzaha, kwa hiyo namwelewa jirani yako. Hata hivyo radi hutafuta kilicho kirefu na kilichosimama peke yake, uwe mti, mlingoti au nyumba ya juu kilimani, iwe imeezekwa kwa chuma au kwa nyasi. Tofauti huja baada ya pigo: nyasi huwaka, bati haliwaki. Lakini bati peke yake si kinga. Nyumba iliyo mahali pa juu iwekewe kipokea radi, yaani fimbo ya chuma juu ya paa, na waya nene unaoshuka hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, na kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni, kwa sababu waya uliokatika njiani ni hatari kuliko kutokuwa na waya.