Sauti 7 kwenye gitaa la pikapu 3

Umeuliza kama gitaa la pikapu 3 (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) linaweza kutoa sauti 7. Inawezekana kaka, na pikapu mpya huhitaji. Stratocaster, gitaa la umeme la Fender, ya swichi ya hatua 5 ya kuchagua pikapu haikupi pikapu ya shingoni pamoja na ya darajani, wala zote 3 kwa mpigo. Funga swichi ndogo ya kuwasha na kuzima: mguu mmoja kwenye waya wa sauti wa pikapu ya shingoni, wa pili pale swichi kubwa inapotoa waya kwenda volyumu. Hapo sauti 5 zinakuwa 7. Yangu nilifungiwa na fundi redio hapa Ngamiani, Tanga, na ubao hakuutoboa. Alibadilisha kitufe kimoja cha toni akaweka cha kuvuta, swichi imo humo humo. Shingoni na darajani kwa pamoja ni tamu mno kwa ridhimu ya dansi, nyuzi zinalia kama kengele. Zote 3 sizitumii kabisa. Ila jua kwamba mchanganyiko wa shingoni na darajani huvuma zaidi ukiwa karibu na taa za tyubu, maana pikapu hizo 2 kwa kawaida husukwa upande mmoja. Na sauti ikitoka imekonda, badilishanisha waya 2 za pikapu moja.