Kabla Hujazoea Kulala na Kazi Kichwani

Nikiwa na mwezi wa pili tu kazini, saa 1 jioni, mkuu wa kitengo alinitumia ujumbe: "Kesho asubuhi pitia kwangu." Basi, hakuongeza neno. Usiku ule sikulala. Nilizipitia kichwani hesabu zote nilizoandika wiki nzima nikitafuta kosa, nikajiona nimeshafukuzwa, nikaanza kupanga maneno ya kuwaambia nyumbani. Asubuhi nikakuta alitaka kunikabidhi ufunguo wa kabati la mafaili.

Nakusimulia haya wewe unayeanza kazi kwa sababu mimi ilinichukua miaka kuyaelewa. Kazi ilikuwa imeisha saa 11 jioni. Si kazi iliyoninyima usingizi. Kulikuwa na jambo nisilolijua, nami nikalijaza kwa mabaya tupu. Siku hizi ujumbe wa namna hiyo ukija, najibu palepale: "Sawa, nitafika. Kuna cha kuandaa?" Ni swali fupi na lina heshima. Mara nyingi jibu lake linakuachia usiku wako.

Tumezoea kuyaita yote stresi, lakini kuna mambo mawili humo ndani. Msongo ni mzigo ambao tayari umo mikononi: ripoti tatu zinadaiwa na siku ni moja. Wasiwasi ni mzigo ambao haujafika, na pengine hautafika. Msongo hupungua ukisaidiwa, ukiongezewa muda au ukipunguziwa kazi. Wasiwasi hauponi kwa kufanya kazi zaidi, na hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Mtu anaogopa kuonekana hatoshi, kwa hiyo anakubali kila anachopewa, na baada ya mwezi ule woga umemzalia msongo wa kweli.

Mwili nao hauna njia ya kujua kwamba hatari ni ujumbe tu. Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupambana au kukimbia: adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaongeza kasi, tumbo linasitisha kazi yake. Mbele ya mnyama mkali ungekimbia na nguvu ile ikatumika. Kwenye kiti cha ofisi inabaki ndani, mabega yanakaza, kichwa kinauma. Ndiyo maana baada ya kikao kigumu mimi hutoka nikatembea dakika kumi kabla ya kugusa kitu kingine. Pasipo nafasi ya kutoka, navuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa taratibu kwa hesabu ya sita. Pumzi inapotoka, mapigo ya moyo hupungua kidogo, kwa hiyo kuirefusha kunasaidia. Haitakumalizia kazi yako, ila itakutuliza kiasi cha kuweza kuifikiria.

Jambo ninalotamani ningeambiwa siku ya kwanza ni kwamba si kila msongo ni udhaifu wako. Mwaka 1979 mtafiti wa mambo ya kazi, Robert Karasek, aliandika kwamba kazi inayomkaza mtu zaidi ni ile yenye madai makubwa huku mwenyewe hana usemi juu ya namna ya kuifanya. Mgeni kazini yuko hapohapo kabisa: anadaiwa mengi, haamui lolote. Huwezi kudai usemi wote mara moja, lakini unaweza kuomba kidogo. Ukipewa kazi ya tatu, usiseme "nimezidiwa" ukaishia hapo. Sema: "Ninazo hizi mbili, na hii ni ya tatu. Ipi itangulie, na ipi inaweza kusubiri mpaka kesho?" Sasa uamuzi umerudi kwa mwenye mamlaka, nawe umepata mpangilio. Nimelitumia swali hili kwa wakuu wapole na kwa wakali, na hakuna aliyenikasirikia.

Kabla ya kuondoka jioni, andika kwenye daftari yaliyobaki na lile utakaloanza nalo kesho. Mstari mmoja kwa kila jambo unatosha. Kisha nenda. Usijisifie kubaki ofisini mpaka usiku: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko katika hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Na kahawa ya alasiri iache, itakudai usiku.

Kuna hali ambayo daftari na matembezi haviifikii. Usingizi ukikatika wiki baada ya wiki, moyo ukienda mbio umekaa tu, au ukianza kuwakwepa hata unaowapenda, nenda kwa daktari au mshauri nasaha. Ukiona maisha hayana maana tena, mwambie mtu siku hiyohiyo. Mimi nilikaa miezi mingi nikidhani ni uvivu. Siku nilipopata ujasiri wa kumweleza mwenzangu wa meza ya jirani, yule niliyemwona ndiye mtulivu kuliko wote, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba kila Alhamisi anapotoka mapema huwa anakwenda kwa mshauri. Akaniandikia namba ya simu.