Kofia Iliyoniangusha Mtihani wa Ufasiri

Juzi usiku binti mmoja anayesoma Kifaransa mwaka wa pili chuoni aliniandikia: "Shikamoo dada. Mwalimu katuambia subjonctif imparfait imeshakufa, tusipoteze muda nayo. Lakini kwenye riwaya tuliyopewa naikuta karibu kila ukurasa. Niisome au niiache?" Subjonctif ni umbo la kitenzi cha Kifaransa kwa jambo linalotakwa, linalohofiwa au linalodhaniwa tu, na imparfait ndiyo sura yake ya wakati uliopita, ya vitabuni. Chini yake akaweka sentensi moja iliyomshinda. Nitaifikia.

Marahaba, mdogo wangu. Isome.

Nilitaka nimjibu hivyo tu nikalale, lakini usingizi ulikataa. Maneno aliyoambiwa yeye ndiyo niliyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na yalininyima kazi.

Nilimaliza chuo nikiwa na alama nzuri za Kifaransa na cheti cha DELF B2, kile cha Ufaransa cha kuthibitisha kuwa mgeni anajua Kifaransa. Ndoto yangu ilikuwa ileile uliyonayo wewe unayesoma hapa: kukaa mezani na hati ya Kifaransa upande mmoja na Kiswahili changu upande wa pili, nikalipwa kwa hilo. Tulipofika kwenye sura ya subjonktifu ya wakati uliopita, hiyohiyo subjonctif imparfait, mwalimu wetu alifunua kurasa tatu kwa mpigo akasema hakuna anayezungumza hivyo siku hizi. Hakudanganya. Nenda Paris, nenda Bujumbura, nenda Lubumbashi, hutamsikia mtu sokoni akisema je voulais qu'il vînt (nilitaka aje). Atasema je voulais qu'il vienne, na wote watamwelewa. Hata serikali ya Ufaransa ililegeza kamba zamani: mwaka 1901 ilitoka amri ya kuwavumilia watahiniwa wanaotumia subjonktifu ya wakati uliopo baada ya kitenzi cha masharti (kama -nge- yetu), na mwaka 1976 ikatoka nyingine iliyopanua ruhusa hiyo. Lakini amri zile zilimruhusu mtahiniwa asiyaandike maumbo hayo. Hazikuyafuta kwenye riwaya, wala kwenye hukumu na hotuba zilizokwisha kuandikwa. Mfasiri halipwi kufasiri maneno ya sokoni peke yake.

Nikaitwa Arusha kufanya jaribio kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Kurasa mbili, saa mbili, kamusi ruksa. Ilikuwa habari ya mafuriko, Kifaransa chepesi, nikajiona nimeshapata. Katikati ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na sentensi fupi: Sans les voisins, l'enfant eût péri. Nikaandika: "Bila majirani, mtoto alikufa." Nikaona inakwama kidogo, nikaibadilisha: "Mtoto alikufa bila majirani kuwepo." Aya iliyofuata mtoto huyohuyo anapelekwa zahanati amefunikwa blanketi. Nililiona jambo hilo. Naapa nililiona. Nikasema labda ni mtoto mwingine, nikaendelea.

Siku ya majibu nilirudishiwa karatasi yangu ina duara moja jekundu, na pembeni maneno mawili: "Mtoto hakufa." Aliyenikabidhi aliniuliza mbele ya wenzangu cheti changu nilikipata wapi. Ni miaka sita sasa, na swali lile bado linanichoma. Nilipanda basi la usiku sijala, na njia nzima nilikuwa namlilia mtoto wa karatasi ambaye nilimuua kwa kutojua alama moja.

Alama yenyewe ni ile kofia (^) juu ya u. Eut bila kofia ni wakati uliopita wa vitabuni, ule wanaouita passé simple: alikuwa na, alipata. Eût yenye kofia ni subjonktifu. Ikiunganishwa na kitenzi kingine, katika maandishi ya kale au ya heshima, inasimama mahali pa aurait: eût péri ni sawa na aurait péri. Yaani jambo ambalo lingalitokea, halikutokea. Kama si majirani, mtoto angalikufa.

Nilirudi nyumbani Kigoma. Miezi ya kwanza sikufungua kitabu, nayo sina la kuieleza. Kilichonifufua ni suruali. Mama alinituma kwa fundi cherehani pale Mwanga, mzee wa Kikongo aliyevuka ziwa mwaka 1996 akitokea Uvira, na nilipomkuta anasoma kitabu cha Kifaransa kilichochanika jalada, nikamwambia yaliyonipata. Hakucheka. Alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akavuta kipande cha kitambaa cheusi, akaandika: tu fus.

"Unajua hii?"

"Ndiyo baba. Wewe ulikuwa. Passé simple."

Akaongeza se mbele yake. Fusse. "Que je fusse. Umeshafika, mwanangu."

Ndivyo alivyofundishwa na mapadre alipokuwa mtoto, kwa kuimba, na ndivyo alivyonifundisha. Chukua umbo la "tu" la passé simple, bandika se. Tu parlas, que je parlasse. Tu finis, que je finisse. Tu eus, que j'eusse. Tu vins, que je vinsse. Milango ni minne tu, a, i, u na in, na karibu kila kitenzi cha Kifaransa kinapita katika mmojawapo, hata vile vikorofi: faire inapita kwenye i (que je fisse), pouvoir kwenye u (que je pusse), tenir kwenye in pamoja na ndugu yake venir. Kisha miisho ni ileile kwa vyote: fusse, fusses, fût, fussions, fussiez, fussent.

Hapo nikamsimamisha. Kwa nini ya tatu inawatoroka wenzake? Wote wana ss, yenyewe ina kofia na t.

Akafuta kwa kidole, akaandika fust. Zamani Wafaransa waliandika hivyo, akasema, s ilikuwepo. Ikaacha kutamkwa, baadaye ikaacha kuandikwa, wakaweka kofia mahali pake. "Kofia ni kaburi la s." Nilikikodolea macho kile kitambaa. Miaka yote ile nilidhani kofia ni pambo la Wafaransa, kumbe ni s ileile ya fusse na fussions, imezikwa pale. Tangu siku hiyo sijawahi kuisahau kwenye nafsi ya tatu, wala sijawahi kuiweka mahali isipostahili. Hata marekebisho ya tahajia ya mwaka 1990, yaliyoruhusu kofia iondolewe juu ya i na u katika maneno mengi, yaliiacha hapa, kwa sababu ukiiondoa fût inakuwa fut, na maana inageuka.

Nilikwenda kwake karibu kila jioni hadi masika yalipoanza. Nikikosea hakunisema, aliuliza tu, huku mguu uko kwenye pedali: "Kofia iko wapi?"

Sasa nikwambie kwa nini jambo hili linatusumbua sisi hasa. Kiswahili hakina shida hii. Nataka aje. Nilitaka aje. Ile e ya mwisho haijali kama kutaka kulikuwa leo au mwaka jana. Kifaransa cha vitabuni kinajali: je veux qu'il vienne, lakini je voulais qu'il vînt. Kitenzi cha kwanza kikirudi nyuma, cha pili kinafuata. Kwa hiyo ukisoma vînt usihangaike kutafuta wakati uliopita wa Kiswahili, andika "aje" na usonge mbele. Wengi wanaharibu hapo, wanaandika "nilitaka kwamba alikuja", Kiswahili ambacho bibi yako asingekielewa.

Na tunayo hazina ambayo hatuitumii. Mtaani siku hizi kila kitu ni -nge-: angekuja, angekufa, iwe bado inawezekana au imeshapita. -Ngali- imebaki kwenye mashairi na vitabu, kama vile eût ilivyobaki kwenye vitabu vyao. Ukikutana na eût péri, usione haya kuandika angalikufa. Maneno haya mawili yana heshima moja. Mfasiri anayekidharau Kiswahili cha babu zake atakidharau na Kifaransa cha babu zao, na karatasi yake itarudi na duara jekundu. Nasema hivi kwa uchungu, si kwa kujivuna. Vijana mnakimbilia njia za mkato, mnaamini kila kitu "kimekufa" kwa sababu mtu mmoja alichoka kukifundisha. Kifungue mwenyewe hicho kitabu!

Nyinyi mnaoniuliza kila mara nilianzaje: ukurasa mmoja kwa siku, penseli mkononi, zungushia kila kofia iliyo juu ya kitenzi. Jiulize, nikiiondoa inakuwa neno gani? Umeona qu'il finît? Bila kofia ni finit, anamaliza au alimaliza. Na jua kwamba finir ni mjanja, que je finisse ya leo na ya jana zinafanana, ni hiyo nafsi ya tatu pekee inayokutobolea siri. Usijilazimishe kuyasema maumbo haya kwenye mazungumzo, watu watakushangaa. Yatambue tu. Penseli, ukurasa, kofia. Kesho tena.

Mwezi uliopita nilifanya jaribio kwenye ofisi nyingine. Kulikuwa na fût mbili na eût moja. Nilizisalimia kama ndugu. Barua ya kazi ilifika Jumatatu, na mtu wa kwanza kumpigia alikuwa fundi wa Mwanga, kabla hata ya mama.

Sasa sentensi yako, mdogo wangu. Il craignait que sa mère ne mourût. Wewe uliandika: "Aliogopa kwamba mama yake hakufa." Hiyo ne imekuchanganya. Anza na kofia: tu mourus, mourusse, mourût, kwa hiyo ni subjonktifu, kifo hakijatokea, kinahofiwa. Kisha hiyo ne, haikanushi kitu, inaandamana tu na kitenzi cha hofu. Na usiseme ni maajabu ya Wafaransa, kwa sababu wewe mwenyewe unafanya hivyohivyo kila siku kwa lugha ya mama yako. Jinsi ya kuiandika ni hii: "Alichelea mama yake asije akafa." Itazame hiyo "asije". Ina kikanusho ndani yake, na hakuna Mswahili aliyewahi kudhani kwamba kinakanusha kifo.