Gepu la plagi baada ya kufunga turbo

Kaka wa Ujiji, umesema 1JZ yako, ile injini ya Toyota uliyoifunga turbo, inakwenda vizuri mjini, ila ukiikanyaga kwenye milima ya kuelekea Kasulu inakatakata, na plagi bado zina gepu (ile nafasi ambayo cheche inaruka) la 1.1 mm. Anzia hapo hapo. Turbo inashindilia hewa ndani ya silinda, na cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi kuruka kwenye hewa iliyobanwa hivyo. Gepu likiwa pana, koili inayozalisha umeme wa cheche inazidiwa na cheche inazimika.

Weka 0.8 mm. Ikiendelea kukata, shuka 0.75, kisha 0.7. Ikiacha, simama hapo. Ukizidi kubana, cheche inakuwa ndogo na injini itatetemeka gari likiwa limesimama.

Pima kwa fila geji (vile vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), tafadhali, si kwa jicho. Kunja ule mkono wa pembeni tu. Kama plagi ni za iridiamu, ncha ya katikati usiiegemeze kifaa chochote: ni nyembamba mno, na ikivunjika kipande kinaangukia juu ya pistoni.

Chukua pia plagi baridi zaidi, yaani inayotoa joto haraka zaidi, kwa hatua moja. Kwa plagi za NGK ni kutoka namba 6 kwenda 7. Ukishapanda mlima kwa nguvu, zima, subiri ipoe, fungua moja uitazame. Ile kaure inayozunguka ncha ya katikati ikiwa nyeupe pe, yenye vidoa vilivyoyeyuka, huenda injini inakosa petroli ya kutosha. Acha kuikanyaga kabisa mpaka fundi apime petroli inayoingia na taimingi (wakati cheche inaporuka), maana tatizo hilo haliponi kwa kurekebisha gepu.