Kilo zimerudi zote na nyongeza, unaanzia wapi?

Mkuu nimesoma uzi wako wote mpaka komenti za wale wanaokucheka, achana nao. Umesema ulitoka kilo 98 ukashuka mpaka 79 kwa kukimbia na kukata wanga, saivi mzani unasoma 101, goti linauma, kundi la jogingi la hapo Lindi mjini unaona aibu kurudi, na harusi ya mdogo wako ni mwezi ujao kwaiyo unataka dozi kali ya wiki nne. Mi nipo Mtwara, ni karani wa ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na kilo zangu zilirudi zote ndani ya msimu mmoja wa korosho tena zikaja na wageni, kwaiyo hapa siongei ya kusoma tu.

Dozi kali sahau. Kwa harusi nenda kwa fundi akushonee suti inayokutosha leo, utapendeza na utakula pilau kwa amani, halafu tuongee mambo ya mwaka.

Kuna kitu watu hawaambiwi. Ukishapungua sana mwili haukupigii makofi, wenyewe unajua njaa imeingia kijijini. Homoni ya kushibisha inashuka, ya kutia njaa inapanda, na kuna utafiti wa Australia uliotoka 2011 walipima watu mwaka mzima baada ya kupungua wakakuta hizo homoni bado hazijarudi zilipokuwa. Mwingine wa 2016 waliwafuatilia watu 14 waliowahi kushindana kupunguza uzito kwenye televisheni huko Marekani, miaka 6 imepita na miili yao bado ilikuwa inachoma kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu wa umbo lile, na wengi wao kilo zilikuwa zimerudi vizuri tu. Yaani wewe na jirani yako mna uzito sawa, mnakula sahani sawa, yeye anabaki palepale wewe unaongezeka. Anayekwambia huna nidhamu mwambie aje akae na hiyo njaa wiki moja. Ila kilichonivutia mimi kwenye ule wa 2016 ni kwamba walipoendelea kuwachambua, waliobaki chini ndo walikuwa wameongeza kujishughulisha kuliko wenzao, hata miaka 6 baadaye. Shughuli ya kila siku isiyokatika, sio kujinyima.

Sasa hiyo isiyokatika ndo shughuli yenyewe. Mi kabla ya ule msimu nilikuwa naamka saa kumi na moja nakimbia kutoka Chuno mpaka Shangani, mitaa ya hapa Mtwara, na kurudi, jioni naruka kamba, usiku nakula kachumbari na yai. Nilikuwa moto. Ikaingia Oktoba minada ya korosho ikafunguka. Anayejua kazi ya ghala anajua, mzigo unaingia mpaka usiku, gunia linapimwa, linaandikwa, mkulima kasimama pembeni anakuangalia mkono usije ukakosea namba, unarudi nyumbani saa nne miguu imevimba. Saa kumi na moja nani anaamka hapo? Chakula ni kile kilichopita mlangoni, chipsi mayai, maandazi, soda baridi maana joto la Novemba mnalijua, na katikati ya hapo mkono unachota korosho za kukaanga bila akili kujua. Korosho tamu lakini gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, konzi moja tu umefuta matembezi ya nusu saa. Na pesa zikishalipwa ndo zinaanza shughuli, leo harusi, kesho mtoto wa dada katolewa unyagoni, na huku kwetu huwezi kwenda kwenye shughuli ya ndugu ukaacha sahani, watasema unaringa.

Halafu watu bana. Nilivyokuwa nimepungua kila nikipita ni "dada unaumwa?", "mbona umekwisha hivyo, shemeji hakulishi?", shangazi yangu kanifuata pembeni kaniuliza kama nimepima. Kilo zilivyorudi kila mtu "eeh umenawiri, pesa za korosho hizo". Unategemea mtu ajishtukie vipi mtaani wanamsifia? Mi nilijua Januari, mzigo umepungua, wapagazi wanataniana kupanda kwenye mzani wa magunia na mimi nikapanda na kandambili zangu, yule kijana wa mzani akasoma kwa sauti ghala zima linasikia, "karani gunia kamili na chenji!" Nilicheka nao, nikaenda chooni nikakaa huko kidogo.

Nilichofanya baada ya hapo ndo jibu la swali lako. Sikurudi kwenye ratiba ya Chuno Shangani. Nilichukua wiki mbovu kuliko zote ninazozijua, ile ya katikati ya Novemba, nikajiuliza kwenye wiki ile ni kitu gani naweza kufanya na bado nikabaki mtu. Nikapata vitatu tu. Kwenda kazini kwa miguu asubuhi, bodaboda ni ya kurudia usiku. Kukaa na kuinuka kwenye stuli, mikono imekunjwa kifuani, huku maji ya ugali yanachemka. Na pushapu za ukutani, nazo hapohapo jikoni, watoto wanahesabu na wananiibia hesabu. Basi. Hivyo havikatiki, iwe msimu, iwe mvua, iwe mfungo, na miezi ambayo ghala limelala ndo naongeza mbio, naenda zangu mpaka Mikindani Jumapili nikijisikia. Wewe wiki yako mbovu unaijua mwenyewe. Panga kwa ile, usipange kwa wiki ya leo ambayo umepandwa na mori.

Usidharau kutembea. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2020 wanasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaoweza kuongea ila huwezi kuimba, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Nusu saa mara tano umefika, na hakuna aliyesema lazima iwe mfululizo, dakika kumi kumi zinahesabika. Wewe kwa kuwa uliwahi kuwa fiti una afadhali kuliko anayeanza kabisa, misuli iliyowahi kujengwa ikichokozwa inarudi haraka, utaona ndani ya wiki chache ngazi zinakuwa nyepesi hata kabla mzani haujasema kitu. Na mzani wenyewe usiupande kila siku, chukua futi ya fundi pima kiuno, inatosha.

Kula sasa. Kukata wanga kabisa kwa mtu wa huku ni vita, ndugu zako wanakula ugali wa muhogo na wali wa nazi kila siku utawakimbia mpaka lini. Mi ugali nakula ila nimebadilisha nani mkubwa kwenye sahani, samaki na mboga vinakaa kwanza, ugali unapata nafasi iliyobaki. Samaki, dagaa, mbaazi, kunde, choroko, vitu vya kujengea mwili tunavyo rahisi kuliko watu wa bara na vinashibisha muda mrefu. Soda nimeacha kabisa, chupa ndogo moja ina sukari vijiko vya chai kama vinane, hiyo peke yake ilinishusha. Msimu nabeba chakula changu, muhogo wa kuchemsha na kipande cha samaki kwenye hotipoti, na korosho napima kwa kifuniko cha chupa ya chai, kimoja kwa siku. Kwenye shughuli nakula nikiwa nimekaa, sahani moja, sirudii, hakuna anayehesabu.

Hizo chai za kupunguza tumbo ulizosema umetumiwa PM (ujumbe wa faragha) na jamaa mmoja, waachie wenye nazo. Nyingi ni sanamaki, zinakuendesha choo, kinachopungua ni maji, ukinywa maji kimerudi.

Na usijiwekee kilo 79 kama ndo mwisho wa safari. Mi sijarudi kwenye uzito ule mdogo niliowahi kushukia, nimekaa katikati, ila misimu inapita naongezeka kidogo Desemba naondoa kufika pasaka, na presha iliyokuwa imeanza kunisumbua imetulia, kliniki wenyewe wamesema. Kwa kilo zako 101, ukiondoa tano tu zikakaa, sukari na presha zinaanza kukushukuru, hiyo asilimia tano madaktari wanaitaja kila siku.

Kundi la jogingi rudi, ila usirudi kwenye mstari wa mbele ulikokuwa. Mwambie kapteni kabisa kwamba mi natembea, nitawakuta mnaponyoosha viungo. Wiki ya kwanza watakuita majina, ya pili watakuwa wamemgeukia mwingine. Kama bado roho inakataa toka mapema, mwezi wa kumi na moja huku kusini saa kumi na moja na nusu kumeshapambazuka, unamaliza barabara ina wauza samaki tu.

Kuhusu goti hukueleza vizuri. Linauma ukishuka ngazi au hata ukiwa umelala? Linavimba? Kama linavimba au linagoma kukunja nenda hospitali wakalione kwanza, na kama ni la ngazi tu anza na hiyo ya stuli, stuli ndefu sio fupi, ukishuka taratibu, na kukimbia kusubiri kwanza. Jibu hilo halafu ntakwambia mi la kwangu nilifanyaje.